Amina Niliyoisema Mezani

Sogezeni viti, wanangu, mje upande huu wa kulia, maana upande wa kushoto tangu ugonjwa uliponipiga sikio halisikii, mkono haunyanyuki, na huu wa kulia haufiki mbali, nzi akitua shavuni sina la kumfanya, nangoja aondoke kwa hiari yake. Hapo hapo. Askofu, vua kofia na uzime hiyo simu, lori lako halitaondoka bila dereva. Fundi, wewe kaa karibu na dirisha, nina kazi nawe. Mama yenu mwacheni hapo miguuni pangu, na akisahau tena akauliza mimi ni nani mwambieni ni mgeni na ameshakula, atatulia. Na dada yenu yuko wapi? Mwiteni, aache vyombo. Mwambieni sitaanza mpaka akae, tena akae kwenye kiti kama nyinyi, si pale mlangoni anaposimama kila siku akisubiri kutumwa.

Haya. Daktari aliwaambia mambo pale sebuleni akidhani mlango umefungwa, na sikio langu la kulia bado ni zima. Alisema tuhesabu siku, tusihesabu wiki. Basi msinikatize, wala mtu asiniambie "pumzika, baba", maana huko kupumzika ndiko ninakokwenda. Nitasema mpaka niishiwe, na palipo na aibu yangu nitapita hapo hapo, sitazunguka.

Nianze na mali, maana najua nisipozitaja hizo hamtasikia jingine. Karakana ni ya Fundi, pamoja na mashine ya kuchomelea, grenda zote mbili na jiliwa langu la kubania vyuma. Usiiuze mashine ile kwa kuwa imezeeka, ndiyo iliyowasomesha. Nyumba hii ni ya mama yenu kwa muda wote atakaoishi, na siku atakapoondoka ni yenu watatu sawasawa, na ninaposema watatu namhesabu dada yenu kuwa mtu kamili, si mgeni aliyerudi na mabegi mkamhifadhi. Asije mtu akamwambia "wewe uliolewa". Nimeandika hivyo mbele ya mchungaji, naye amegonga mhuri. Na meza ya kulia nampa Askofu. Usicheke. Nakupa wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeichukia kuliko wote, na nataka ujue kwamba ulikuwa na haki ya kuichukia.

Maana neno langu la leo ni juu ya meza ile.

Mnajua nilikotoka, ingawa mlikuwa wadogo na mama yenu aliwaficha mengi. Nilikunywa mpaka mikono ikawa inatetemeka, mtu ananiletea geti la kuunga nami siwezi hata kushika kijiti cha kuchomelea kikakaa mahali pamoja. Mchungaji wetu wa kwanza, yule mzee aliyekuwa akiendesha baiskeli isiyo na breki na kusimama kwa kuburuza viatu, alinikuta asubuhi moja nimekaa nje ya karakana, akaniambia jambo moja tu. Kila siku kabla hujala, tafuta kitu kimoja cha kumshukuru Mungu, kiwe kidogo upendavyo, lakini kiwe cha kweli. Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Siku ya kwanza nilishukuru kwa kivuli cha ukuta niliouegemea, maana sikuwa na kingine. Siku ya pili nikashukuru kwa kuwa mama yenu hakunifungia mlango. Nikaendelea hivyo, siku kwa siku, na baada ya miezi sita nilikuwa nimeacha pombe, wala sikuacha kwa ubabe, niliacha kwa sababu mtu anayetafuta kutwa nzima jambo la kushukuru, macho yake yanaanza kuona vitu alivyokuwa akivikanyaga. Hilo ni kweli na nitakufa nikilisema. Shukrani ilinitoa shimoni.

Kisha mimi nikaichukua nikaifanya sheria.

Kila jioni, sufuria ikishatua mezani, hakuna kugusa kijiko mpaka kila mmoja atoe shukrani yake, kwa zamu, kuanzia mdogo mpaka mimi, na ilikuwa marufuku kurudia lililokwisha kusemwa wiki ile. Mnakumbuka mlivyokuwa mkigombania Jumatatu, kila mtu awahi afya na chakula kabla havijachukuliwa? Ijumaa ikifika mmebaki na makombo. Fundi alimshukuru Mungu kwa vifungo vya shati. Siku nyingine akashukuru kwa kuwa mguu wa dada yake umekua, kwa hiyo viatu sasa ni vyake, na dada mwenyewe ndiyo kwanza anasikia habari hizo. Na wewe Askofu, jina hilo ulilipata pale, maana ulikuwa unashukuru kirefu, unazunguka mbingu na nchi, unawataja wagonjwa, wasafiri na viongozi, chakula kinapoa, nami kichwa kinavimba kwamba nimezaa mtumishi. Kumbe ulikuwa unavuta muda tu, huna la kusema. Uliniambia mwenyewe ulipokuwa mtu mzima, ukaongeza kwamba tangu utoke hapa nyumbani hujawahi kushukuru kitu kwa sauti. Nilikununia mwaka mzima. Leo sikununii.

Tena palikuwa na sheria ya pili, hiyo ndiyo mbaya. Mezani hakulalamikiwi. Anayelalamika anatoka, atakula baadaye jikoni peke yake. Mlijifunza upesi sana. Aliyeumwa jino alishukuru kwa meno yaliyobaki, aliyechapwa shuleni bure alishukuru kwa kuwa shule ipo, nami nikawasifu. Washirika walikuja kula hapa, wakitoka wanasema watoto wa nyumba ile ni wa ajabu, hawanung'uniki. Nikachaguliwa mzee wa kanisa kwa ajili ya meza ile. Nikasimama mbele za watu kufundisha moyo wa shukrani, na humu ndani hapakuwa na hata mtu mmoja aliyekuwa akiniambia ukweli. Yule mzee wa baiskeli alisema kiwe cha kweli. Neno hilo nililiacha njiani.

Mama yenu anauliza. Mwambieni ndiyo, mgeni amekula.

Sasa nifike pale. Dada, usiinamishe uso, mwanangu, anayepaswa kuinamisha ni mimi na shingo yenyewe haikunjiki.

Alipokuwa na miaka miwili kwenye ndoa, dada yenu alikuja hapa Jumamosi moja bila kutuarifu. Nyinyi mlikuwepo, sijui kama mnakumbuka, mlikuwa mnawaza mpira. Alivaa sweta na jua lilikuwa kali. Tukakaa mezani, zamu ikazunguka, na ilipomfikia aliweka mkono wa kulia juu ya meza, wa kushoto akauacha mapajani, chini ya kitambaa, akasema, "Namshukuru Mungu kwa safari njema." Alipokuwa anavuta kiti sweta lilikuwa limepanda kidogo. Niliuona ule mkono. Mimi ni mchomeleaji, wanangu, kuungua nakujua, naweza kukuambia ni moto wa nini na ngozi ilikaa nao muda gani. Ule haukuwa wa kugusa sufuria kwa bahati mbaya. Ule mkono ulishikwa ukawekwa. Niliuona, nikaelewa palepale, na nikasema amina.

Nikasema amina, nikachukua kijiko.

Kwa nini? Nimelala chali miaka minne nikijiuliza, na majibu yote ninayo, hakuna hata moja linalofaa. Yule bwana alikuwa mwimbaji wa kwaya na mimi ndiye niliyeisimamia ndoa ile kidete. Kesho yake ilikuwa zamu yangu kufundisha kanisani. Na zaidi ya yote, niliogopa kwamba nikiuliza atajibu, na akijibu meza yangu imekwisha. Jumatatu asubuhi nikamsindikiza kituoni mimi mwenyewe, nikambebea mkoba, nikamwambia, "Mwanangu, shukuru kwa ulicho nacho, wenzako wanatafuta mume hawapati." Akasema, "Asante, baba," akapanda gari. Akakaa kule miaka mingine miwili. Akapoteza mimba kwa kipigo, nasi tukaambiwa aliteleza bafuni, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Siku aliporudi na cherehani yake kichwani nilimpokea kwa sala ndefu ya shukrani. Hajawahi kunitamkia hata neno moja juu ya yale. Angelitamkia wapi? Pa kulisemea nilipaziba mwenyewe.

Nipeni maji. Kidogo tu, kwa kijiko. Hapana, Dada, wewe kaa. Fundi anipe.

Asante.

Angalieni hilo dirisha. Nondo za nusu inchi, zimeungwa moja kwa moja kwenye fremu, hakuna bawaba, hakuna kufuli, hakuna pa kufunguka. Visanduku arobaini na viwili. Nimevihesabu kuliko nywele zangu. Anga ninaloliona mimi ni la visanduku, na ndege akipita anapita kwa vipande. Grili hii niliitengeneza mwaka ambao Fundi alizaliwa, na mtaa huu wote nyumba zenye grili zangu hazina idadi, na nilijigamba kwamba hajazaliwa mwizi wa kupita kwenye kazi yangu. Mnamjua jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, fundi mwenzangu, tunayemwita Miwani kwa sababu ile miwani ya kuchomelea inakaa kwenye paji la uso hata akiwa kanisani. Zamani alinifuata, kwa heshima kabisa, akaniambia, "Mzee, kila nyumba uache dirisha moja lenye bawaba na kufuli la ndani, watu wapate pa kutokea siku ya shida." Nikaona ananifundisha kazi. Nikawaambia wateja kwamba grili za Miwani zinafunguka kama sanduku la mwanafunzi. Miaka kumi na moja sikumsalimia, na Jumapili kwa Jumapili nilipokea mkate na divai, naye yuko benchi la nyuma yangu.

Asubuhi niliyougua nilikuwa humu, mlango nimeutia komeo la chuma, kazi ya mikono yangu vilevile. Nikaanguka hapo, kati ya kitanda na kabati. Watu wakaja kwa wingi, wakashindwa mlango, wakahamia dirishani, wakaleta nyundo, wakaleta sululu, mtaimbo mmoja ukapinda. Nilikuwa nasikia kila kitu. Mmoja akasema, "Lo, mzee huyu alijua kazi." Nimelala sakafuni, mate yanatoka, mguu siuoni kama ni wangu, na watu wanaisifu kazi yangu. Toka asubuhi mpaka karibu adhuhuri.

Nikajaribu kushukuru, maana ndiyo tabia yangu. Nikayaita kichwani yale yote, afya, uzima, chakula, ulinzi, na kila neno lilikuja likiwa tupu. Halafu kikatoka kitu kingine ambacho sikukiita. Nikaanza kumlalamikia Mungu. Nililalamika kama mtoto mdogo, nikamwambia umenifungia humu kama panya, umeniacha, mimi niliyekutumikia, nikaendelea na kuendelea mpaka nikafika kwenye ule mkono, nikamwambia na ule mkono niliuona nami nikanyamaza. Nikangoja nipigwe. Sikupigwa. Nikakumbuka kwamba hata Bwana mwenyewe pale msalabani hakusema asante, alipaza sauti akamuuliza Baba yake kwa nini, wala hakuna aliyemtoa mezani kwa kuuliza. Niliponyamaza ndipo nikasikia sauti nje ya mlango, kumbe ilikuwepo muda wote. "Baba, nipo. Baba, nipo hapa." Dada yenu alikuwa amelala kifudifudi kwenye korido, mdomo ameuweka kwenye upenyo wa chini ya mlango, saa nne nzima, anasema neno hilo hilo. Nikashukuru, wanangu. Hakuna aliyesema ni zamu yangu. Machozi yalinitoka tu, na hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yangu ya kweli tangu zile za kivuli cha ukuta.

Aliyetufungulia ni Miwani. Alikuwa amesafiri asubuhi ile, akaitwa, akageuza njiani, akaja na grenda, akakata bawaba za mlango, akaninyanyua yeye mwenyewe kwa mikono yake, na hajanikumbusha hata siku moja lile neno la dirisha. Nami sijamwambia asante mpaka leo. Miaka minne! Mtu aliyewafundisha nyinyi kushukuru kwa vifungo. Anakuja kunitazama, anakaa hapo, tunaongea habari za mvua, ninaona aibu, anaaga. Fundi, kesho umpelekee ile ngao yangu ya uso ya kuchomelea, umwambie, "Mzee anasema asante, na anasema ulikuwa na haki juu ya dirisha." Yote mawili. Usipeleke la kwanza ukaacha la pili.

Tangu hapo nimekuwa najifunza upya, kama mtoto wa chekechea. Kila siku kwanza namwambia Mungu linaloniuma, waziwazi, kwamba mgongo umechubuka, kwamba naona haya binti yangu kunisafisha, kwamba mke wangu wa miaka arobaini ananiita mgeni. Simfichi. Nikimaliza nanyamaza, na siku nyingi baada ya kunyamaza kinakuja kitu, upande wa mto ulio baridi, au harufu ya sabuni kwenye shuka, au mama yenu anaponifunika miguu kwa kuwa anadhani mgeni atasikia baridi. Hapo nashukuru. Siku nyingine hakiji kitu, nalala hivyo hivyo, na Mungu hajanifukuza. Mkitaka kujua namna ya kushukuru ndiyo hiyo, mimi sina nyingine, na nimeijua nikiwa siwezi hata kukaa kitako.

Lakini liko jambo moja linanikaba. Kila jioni dada yenu anakaa hapa na sahani yangu, na kabla hajanilisha anasema, "Namshukuru Mungu kwa ajili ya baba." Kila jioni, neno moja, anaivunja ile sheria ya kutorudia nami nimenyamaza. Na kila anaposema namtazama usoni, sijui. Sijui kama ile ni shukrani au ni sweta.

Wiki iliyopita mama yenu aliniletea karatasi, akidhani ni cheti cha kliniki, kumbe ameichomoa chini ya kopo la unga. Ilikuwa barua. Chuo cha ushonaji cha kanisa, kule mji wa mbali, kinamtaka dada yenu akafundishe. Nyumba ya kukaa ipo, wanafunzi wapo, aripoti Jumatatu hii. Barua ina miezi miwili. Nyuma yake, kwa mwandiko wake, ameanza kuandika jibu. "Nashukuru sana kwa nafasi hii, lakini." Hapo kalamu imeishia. Niliisoma kwa jicho langu hili moja linaloona bado, mpaka likauma. Nilisoma neno hilo "nashukuru" nikaisikia sauti yangu mwenyewe pale kituoni.

Usishtuke, Dada. Najua, najua, ulitaka kunificha nisijisikie mzigo.

Nanyi wawili msitazamane. Mmeshapanga, nilisikia. Askofu alisema kazi yake ni ya barabarani, Fundi akasema mke wake anakaribia kujifungua, na mkakubaliana kwamba mimi nikienda zangu, mama atabaki hapa na Dada, kwa sababu Dada yupo, Dada hana mume, Dada amezoea. Halafu mkamshukuru. Nilisikia mkimshukuru! "Dada, Mungu akubariki, bila wewe tungefanyaje." Hiyo ndiyo shukrani niliyowalea nayo, ya kumfunga mtu mdomo na miguu, akabaki anatabasamu. Siwalaumu, nililifua komeo hilo mimi. Ila leo mtaliondoa mbele yangu.

Sikieni agizo. Jumatatu asubuhi, gari la kwanza, dada yenu anaondoka. Nikiwa bado napumua anaondoka. Nikiwa nimekufa Jumapili na sijazikwa anaondoka, na mtu yeyote, awe mchungaji, awe shangazi yenu, akisema binti hakumzika baba yake, mwambieni baba alimzuia kwa kinywa chake. Mama yenu atahamia kwa Fundi, na Askofu, siku ambazo lori linalala, wewe utalala pale, umwogeshe mama yako, umwambie mara ishirini kwamba mgeni amekula. Na siku hizi chache zangu utanigeuza wewe. Dada atakuonyesha leo kabla hamjatoka humu. Unaanza na bega, unavuta shuka, huvuti ngozi. Usikunje uso hivyo, utazoea, nilikugeuza wewe mara ngapi.

Usitikise kichwa, Dada. Unaogopa nitakufa haupo. Hata mimi naogopa. Nasema waziwazi, naogopa sana, mkono ninaoujua ni wako, na nikifikiria mikono ya Askofu iliyozoea magurudumu ya lori nataka kulia. Lakini nimekuweka ndani vya kutosha.

Ngojeni... pumzi. Ngojeni.

Fundi. Hilo dirisha. Kesho, ukitoka kwa Miwani, ulikate kwa nje, cheche zisimtishe mama yako. Ukishakata uliwekee bawaba. Kisha uzunguke mtaa huu, kila nyumba yenye kazi yangu, ubishe hodi, uwaambie mzee ametuma uwaachie dirisha moja la kufunguka. Watakushangaa. Wewe kata tu. Sijui kama nitaliwahi anga zima... nikilikosa, nimelikosa.

Mazishi yangu yawe mafupi. Asisimame mtu kusema nilikuwa mtu wa shukrani. Akilisema... mwimbe juu yake, mumzamishe kwa wimbo.

Na meza, Askofu. Uipeleke kwako, mlie hapo wewe na wanao. Zamu iendelee, siifuti, iliniokoa mimi. Ila aanze kila mtu kusema lililomuuma siku hiyo, na asitoke mtu. Asikilizwe. Ndipo aseme asante akiwa nayo. Akiwa hana... mpakulieni. Ale. Ashibe. Mungu hakumnyima mtu chakula kwa kukosa... maneno.

Nisogezeeni vichwa. Mkono huu mmoja uliobaki, uzungusheni wenyewe, nao sasa siwezi kuunyanyua. Bwana aliyenivumilia... awavumilie. Awafungulie pale nilipowafungia. Mtakapolia awasikie upesi, na mtakapocheka awe kati yenu, na asante yenu iwe yenu... isiwe yangu. Mama yenu msimpandishie sauti. Msigombane. Basi.

Dada... mwanangu. Sasa ni zamu yako.

Hapana. Leo sitaki hiyo. Leo usinishukuru. Lile la siku ile... uliloliweka chini ya kitambaa. Lilete mezani.

Nangoja... nina muda wa hilo.

Sema kwa nguvu, sikio nalo linaondoka... rudia.

Ndiyo. Niliuona. Niliuona mkono wako, mwanangu, kabla hujakaa kwenye kiti. Ndiyo... nilijua. Endelea.

Endelea. Msimnyamazishe! Askofu, mwache dada yako... mwache apige kelele, nyumba hii haijawahi kusikia... aseme yote. Na mtoto pia. Mseme na mtoto, Dada. Angekuwa na miaka tisa... ndiyo. Ndiyo. Ni mimi niliyekurudisha. Nilikubebea na mkoba.

Amina.

Amina, mwanangu. Hii sasa... ni ya kweli.

Mama yenu anauliza nini? Hapana, Dada, usiinuke... kaa. Kaa. Askofu, jibu wewe. Mwambie mama yako... mgeni ameshiba.